Mwanagenzi na Fundi: Neno Juu ya Majivuno



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, maana lahusu mchezo. Walakini mara nyingi moyo wa mtu hujulikana zaidi achezapo kuliko aombapo. Kwa kuwa katika sala mtu huyachagua maneno yake, bali katika mchezo humtoka kabla hajayachagua. Basi swali letu ni hili: mgeni asiyeujua mchezo akija kwa kujisifu, na fundi wa siku nyingi akamdharau, ni yupi kati yao mwenye kosa kubwa zaidi? Tena, imempasa fundi kumtendea nini mgeni wa namna hiyo?

Watu wa pwani yetu, tangu Pangani hata Tanga na Moa, walijua bao tangu utoto. Lakini kwa ajili ya ndugu zetu wa milimani ambao hawakulelewa nalo, twaeleza kwa ufupi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Kete zote ni 64, nazo mara nyingi ni komwe, mbegu ngumu za mkomwe. Mchezo uanzapo, kila mmoja ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Huzitia moja moja kwa zamu, akizila za mwenziwe apatapo njia. Sehemu hiyo ndiyo kunamua. Za mkononi zikiisha, ndipo uanzapo mtaji, nao wataka akili nyingi. Mtu ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu amefungwa. Na akifungwa hali kete zingali mkononi mwake, hiyo ni aibu kubwa, maana ni kama askari aliyeanguka kabla hajachomoa upanga. Watoto na wageni huanzishwa kwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili, hata macho na mkono vizoee.

Jioni moja, miaka michache iliyopita, tulipita Ngamiani hapa Tanga, tukitoka kumzuru mgonjwa. Katika baraza moja wazee walikuwa wamelizunguka bao, nasi tukasimama kidogo, kwa kuwa mwenye nyumba ni rafiki yetu. Akaja kijana mgeni, mtu wa bara, aliyefika mjini kutafuta kazi bandarini. Alisalimu, akatazama kwa muda mfupi, kisha akasema kwa sauti kuu ya kuwa huko kwao hakuna awezaye kumfunga, na ya kuwa wazee wa hapa wacheza kama watu wenye usingizi. Watu wote waligeuka kumtazama. Mzee mmoja, Mwislamu, fundi anayejulikana katika mabaraza mengi ya mji, alimwambia kwa upole, “Karibu, mwanangu. Keti.”

Kijana aliketi. Mkono wake ulikwenda mbio. Alikula kete hapa na pale, akicheka. Mzee alinyamaza. Hazikupita dakika nyingi, kijana akaitazama safu yake ya mbele, nayo ilikuwa tupu; na kiganjani mwake kete zilikuwa bado nyingi. Baraza zima likaangua kicheko. Mmoja alipiga makofi. Mwingine alimwuliza kama huko kwao huchezea kete au huchezea mafiga ya jikoni. Nasi, twakiri mbele yenu, tulicheka pamoja nao. Kijana aliziweka kete chini, akaenda zake bila kuaga. Mzee peke yake hakucheka.

Jumapili iliyofuata, tulipopanda mimbarani, tulimwona kijana yule yule ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Kumbe alikuwa Mkristo wa kanisa letu, aliyebatizwa huko kwao, na siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwetu. Macho yetu yalikutana. Baada ya ibada tulitazama huku na huku, hatukumwona. Tena wazee wa kanisa walikuwa wakitungoja kikaoni, basi tukaliacha neno hilo. Jumapili ya pili hakuja, wala ya tatu.

Tutarudi kwa kijana huyu. Kwanza na tulipime lile swali.

Si kila tambo ni dhambi. Barazani wachezaji hutambiana, na aliyelelewa huko ajua ya kuwa tambo ni chumvi ya mchezo. Huyu asema, “Leo utalala njaa”. Yule ajibu, “Nimekwisha kula kwako jana”. Wote wawili hucheka, na mchezo ukiisha hunywa kahawa pamoja. Hapo hakuna aliyepungukiwa na kitu. Majivuno ni neno jingine. Mwenye majivuno hataki mwenziwe acheke naye. Ataka mwenziwe awe mdogo, ili yeye aonekane mkubwa. Ukitaka kuyatambua, mtazame yule aliyeambiwa. Akicheka kwa moyo, lilikuwa tambo. Akiinamisha uso, yalikuwa majivuno.

Sasa tumtazame mwanagenzi. Kwa nini mtu asiyejua hujisifu kuliko ajuaye? Sababu ya kwanza ni kwamba hajaona. Aliyeoga kijitoni tu hudhani ajua kuogelea, hata siku aingiapo baharini. Mfalme Ahabu, ingawa hakuwa mtu mwema, alimpelekea Ben-hadadi neno la hekima: kwamba majivuno, kama yapo, ni ya mtu avuaye silaha baada ya vita, si ya mtu azivaaye (1 Wafalme 20). Hapa Tanga penyewe twalo somo la namna hiyo. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza, ambalo wengi wake walikuwa askari wa Kihindi, yapata watu 8,000, lilishuka Ras Kazone. Mkuu wao, Jenerali Aitken, aliamini kwamba mji utatwaliwa kwa urahisi, wala hakujali sana kutuma wapelelezi. Waliowangoja chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kiasi cha 1,000 tu, na wengi wao askari Waafrika. Hata nyuki waliotibuliwa mizingani waliwaangukia watu vitani. Baada ya siku chache waliokuja walirudi merikebuni, wamepoteza watu zaidi ya 800, waliouawa na waliojeruhiwa na waliopotea, na silaha nyingi wameziacha nyuma. Lakini walioshinda nao hawakuwa na sababu ya kujisifu, maana Julai 1916 mji uliingia mikononi mwa Waingereza. Makaburi ya vita ile yapo mjini hata leo.

Sababu ya pili ya majivuno ya mwanagenzi ni woga, nayo yatutaka tuwe na huruma. Mgeni mjini hana jamaa, hana jina, hana mtu wa kumdhamini. Ajua ya kuwa watu wamtazama na kumwuliza moyoni, “Huyu ni nani?” Basi hujitangulizia sifa mwenyewe, kwa kuwa hana wa kumsifu. Maneno yake makubwa ni nguo aliyoazima ili asionekane uchi. Asemaye “mimi nami nawashinda ninyi” huenda moyoni asema, “Tafadhalini, nipeni mahali pa kuketi.” Kosa ni kosa, hatulifichi, lakini tabibu aujuaye ugonjwa hampigi mgonjwa kwa sababu anaumwa.

Sasa tumtazame fundi. Majivuno yake hayapigi kelele. Yeye hana haja ya kusema, maana wengine humsemea. Huonekana katika namna amtazamavyo mgeni, katika kicheko kifupi, katika kumjibu mwingine mahali pa kumjibu yeye. Nasi twasema ya kuwa majivuno haya ni ya hatari zaidi, na sababu ni hii: majivuno ya mwanagenzi yana tabibu wake, ndiye ubao. Akicheza mara tatu atafungwa mara tatu, na ulimi wake utajifunza. Bali majivuno ya fundi hayana tabibu, kwa kuwa kila afungapo mtu yazidi. Ubao wenyewe wamwambia ya kuwa ana haki. Mtu ambaye hakuna amwonyaye huweza kupotea mbali sana, huku akidhani yumo njiani.

Bwana wetu alilijua jambo hili, akatuachia mfano wa wakulima katika shamba la mizabibu (Mathayo 20). Walionung'unika hawakuwa wale waliokuja saa ya kumi na moja. Walikuwa wale wa alfajiri, mafundi wa shamba, waliochukua taabu na jua la mchana. Kazi yao ilikuwa ya kweli, na mshahara wao walilipwa bila kupunjwa. Walikosea neno moja tu: walidhani ya kuwa kuja mapema kwawapa haki ya kumwonea choyo aliyechelewa. Tena walisahau ya kuwa alfajiri ile wao nao walikuwa wamesimama sokoni bila kazi, hata mwenye shamba akawaita. Watu wa pwani husema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Hakuna fundi wa bao ambaye hakufungwa mara nyingi kuliko mwanagenzi ye yote. Ndivyo alivyopata kuwa fundi. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho kama walikuwa na kitu cho chote ambacho hawakupewa. Fundi na ajiulize hivyo: ni nani aliyeketi naye siku ya kwanza? Ni nani aliyevumilia ujinga wake?

Martin Luther, aliyekuwa mwalimu wa waalimu, aliandika katika dibaji ya Katekisimo Kubwa, mwaka 1530, ya kuwa yeye ni daktari na mhubiri, lakini kila siku hujifunza Katekisimo kama mtoto, naye apenda kubaki mwanafunzi wake. Mtu huyo aliitunga Katekisimo mwenyewe! Hivyo ndivyo fundi ajilindavyo: asiache kuketi mahali pa mwanafunzi.

Mtu aweza kutuuliza, “Je, mwenye majivuno asiangushwe? Mzee yule angalimwachia kijana ashinde, ili asimwaibishe?” Hasha. Kumwachia ashinde kungalikuwa ni uongo, na uongo si upendo. Angalitoka pale akiwa mjinga zaidi, akaaibishwa mahali pengine na watu wasio na huruma. Mzee alifanya vema kumfunga kwa nguvu zake zote. Sisi tuliofundishwa katika kanisa la Kilutheri twalijua neno hili kwa jina jingine, yaani Sheria na Injili. Sheria humwangusha mtu, humwonyesha jinsi alivyo. Yatenda kazi njema, wala haipasi kulainishwa. Lakini Mungu hamwangushi mtu ili amwache chini. Baada ya Sheria yaja Injili, imwinuayo. Ahubiriye Sheria peke yake amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu ambayo hata shetani aweza kuifanya, maana yeye ndiye mshitaki. Basi kumfunga mtu ni kazi ya ubao. Kumcheka aliyefungwa ni kazi ya moyo. Na kumtafuta kesho yake ni kazi ya Mungu.

Mfano mwema uko Uganda. Katika Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala, mtu mmoja aitwaye Robert Katende, mtumishi katika kazi ya Kikristo, alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Miongoni mwao alifika msichana Phiona Mutesi, asiyejua kusoma vema wala hata jina la mchezo ule. Aliyemwonyesha kwanza namna ya kuzisogeza kete alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Phiona hakuona haya kufundishwa na mtoto, na mtoto hakumdharau mkubwa asiyejua. Mwaka 2010 msichana huyo aliiwakilisha Uganda katika mashindano makubwa ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, nchini Urusi. Kama siku ile ya kwanza angalichekwa na kuachwa, nani angalimjua?

Vijana wetu siku hizi hucheza katika simu michezo ya kupanga vita na kujenga ngome, wakishindana kwa njia ya intaneti na watu wa mbali wasioonana nao kwa uso. Huko nako wapo wageni wenye majivuno na wakongwe wenye dharau, tena matusi ni mengi kuliko barazani. Sababu si ngumu. Barazani ukimwaibisha mtu, waiona aibu usoni pake, na jioni mtakutana njiani. Katika simu huuoni uso wake, wala kesho hutajua pa kumtafuta. Kwa hiyo, vijana wapendwa, kabla hamjaandika neno la kumkejeli mtu, jueni ya kuwa huenda hamtapata nafasi ya pili ya kumwinua. Neno lisemwalo kwa mtu ambaye hutamwona tena lataka kupimwa mara mbili.

Lakini tusiwaonye vijana tukajisahau sisi wazee. Makutaniko yetu yana mabaraza yake. Yupo mwimbaji mpya ajaye kwaya na kusema ya kuwa kwao waliimba vizuri zaidi. Yupo mwinjilisti aliyetoka chuoni jana, naye ataka kugeuza kila kitu leo. Wapo waliobatizwa mwaka huu ambao wasimulia neema ya Mungu kana kwamba hakuna aliyewahi kuipokea kabla yao. Paulo alimwagiza Timotheo asimpe mwongofu mpya kazi ya usimamizi, akijua jinsi kiburi kimpandavyo mtu upesi. Wala hatukatai agizo hilo. Lakini hakumwagiza Timotheo awacheke. Tukumbuke historia yetu wenyewe. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa katika nchi hii kwa ajili ya ile vita ya kwanza, makutaniko ya Tanga na Usambara kwa sehemu kubwa yalisalia mikononi mwa waalimu wenyeji, watu ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wakihesabiwa kuwa wanafunzi. Nao waliyatunza. Mwanagenzi umdharauye leo, huenda kesho Mungu atamkabidhi nyumba yako.

Basi jibu letu ni hili. Wote wawili wana kosa, lakini kosa la fundi ni kubwa zaidi, kwa kuwa yeye ajua alitendalo, na kwa kuwa aliyepewa vingi atatakwa vingi. Mwanagenzi na afunge kinywa chake, afungue macho. Fundi na acheze kwa haki, asicheke, tena amtafute aliyeanguka.

Sasa twarudi kwa kijana. Miezi mitatu baadaye tulipita tena katika baraza lile, tukamkuta ameketi ubavuni pa yule mzee. Mbele yao palikuwa na bao la kujifunza, na kijana alikuwa akimwonyesha mtoto wa jirani namna ya kuzitia kete. Tulistaajabu, tukauliza. Mwenye nyumba alitueleza ya kuwa kesho yake baada ya siku ile ya kicheko, mzee alikwenda bandarini kumwulizia kijana, asimpate, akaenda tena siku ya pili, akampata, akamwambia, “Mkono wako ni mwepesi, mwanangu, lakini macho yako yatazama upande mmoja tu. Njoo nikuonyeshe.”

Tulimvuta kijana kando, tukamwuliza kwa nini haji tena kanisani. Alinyamaza kitambo, akasema, “Baba Mchungaji, mzee huyu alinifunga, lakini alinitafuta. Wewe ulicheka, wala hukunitafuta.”

Hatukuwa na la kujibu. Mzee yule hakuwahi kusikia hata moja ya mahubiri yetu juu ya kondoo aliyepotea, naye aliondoka kwenda kumtafuta. Sisi tuliohubiri tulikwenda kikaoni. Tulirudi barazani, tukamwomba radhi kijana mbele ya watu wote, kwa kuwa mbele ya watu ndipo tulipocheka. Hakusema neno. Alisogea, akatupa nafasi ya kuketi, akatia kete mbili mbili katika kila shimo, kisha akasema, “Anza, Baba Mchungaji.”

Tulifungwa upesi. Hakuna aliyecheka.

Jumapili ya tatu baada ya hiyo alikuja kanisani, akaketi pale pale nyuma, karibu na mlango. Wazee walitungoja kikaoni siku ile, nasi tuliwaacha wangoje, hata tulipokwisha kumpa mkono na kumwuliza habari za kazi yake na za wazazi wake.

Wapendwa, mwezi huu kila mmoja wetu na amkumbuke mtu mmoja aliyekuja kwetu kwa maneno makubwa, akaondoka kwa uso ulioinama. Tusingoje arudi mwenyewe. Bwana, aliyetutafuta sisi tulipokuwa tungali tukijisifu, atupe miguu ya kumwendea na kinywa cha kumwomba radhi. Amina.